"Masafa Mafupi" Yafikayo Mbali: Istilahi za Redio ya Ridhaa

Mwenye redio ya ridhaa si mtangazaji. Huzungumza na wenzake kwa leseni, bila malipo, mara nyingi kwa mitambo aliyoiunga mwenyewe. Mwito wa kituo chake hutambulisha nchi: 5X ni Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 5H Tanzania. Neno "ridhaa" limetoka kwa wanamichezo, nasi twaona linafaa.

Kinachotusumbua darasani ni "masafa". Katika mazungumzo ya kawaida ni umbali. Redioni ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kisha kuna "masafa mafupi", ambapo kilicho kifupi ni wimbi, ilhali mitetemo ni mingi. Tena mawimbi hayo hufika maelfu ya kilomita, kwa kurudishwa chini na tabaka la juu la anga! Mwanafunzi afahamu lipi?

Anayejitengenezea antena hana budi kufahamu. Mawimbi husafiri mita milioni 300 kwa sekunde. Kwa megahezi 7.1, gawanya 300 kwa 7.1: wimbi moja ni mita 42 hivi. Nusu yake ni mita 21. Ikipunguzwa asilimia 5 hivi, waya hubaki mita 20, yaani 10 kila upande. Ukipanda hadi megahezi 14.2, waya hupungua kwa nusu.

Kwa hiyo twapendekeza "masafa" yabaki kwa mitetemo, na tuseme "mawimbi mafupi", hata kama watangazaji wamezoea vingine. Walimu wenzetu mwasemaje?