Fahamu: Kwa nini njia ya ndege ya Nduli ilihitaji kurefushwa
Kiwanja cha Ndege cha Iringa, kilichopo Nduli, kiko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Pwani, hivyo ndege hulazimika kukimbia kwa kasi zaidi kabla mabawa hayajapata nguvu ya kuinyanyua, huku injini nazo zikipungukiwa nguvu. Kanuni ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) huongeza urefu wa msingi wa njia ya kurukia, yaani ule unaotosha kwenye usawa wa bahari, kwa asilimia 7 kila mita 300 za mwinuko. Kwa Nduli, nyongeza hiyo inakaribia theluthi moja, kabla hata joto la mchana halijahesabiwa. Kwa hiyo kilomita 2.1 za sasa, zilizochukua nafasi ya 1.6 za awali, si nyingi kama zinavyoonekana.