Pengo na Jirani Zake

Sogeeni hapa mkekani, wapwa zangu. Leo nawapa habari za Pengo.

Pengo ni nani? Umeuliza vizuri. Pengo ni kile kistari kitupu katika karatasi ya Kiingereza. Kushoto kwake maneno, kulia kwake maneno, yeye hana kitu. Chini amewekewa majibu manne, achague moja.

Basi msichana mmoja wa eneo la Kwanza, wa gredi ya sita, aliambiwa ataenda Kitale kufanya intavyu katika shule ya bweni. Ya kibinafsi. Intavyu hiyo ni mtihani kamili, hesabu na Kiingereza. Babake akamletea karatasi za zamani za KCPE, ule mtihani wa darasa la nane ulioanza 1985 na kufanywa mara ya mwisho 2023. Mtihani umezikwa, lakini karatasi zake bado zinafaa kwa mazoezi. Kiingereza chake kilianza na kifungu chenye mapengo 15. Kumi na tano!

Msichana akashika kalamu, akaanza kujaza mbio mbio. Pengo wa kwanza akapiga kelele:

"We mtoto! Unanilisha kabla ya kuuliza ninakula nini?"

"Kwani Pengo huongea?"

"Mimi sina mdomo. Waulize jirani zangu."

Msichana akasoma: "Yesterday my uncle ____ to Kitale." Majibu yalikuwa goes, going, gone na went.

"Jirani wa mwanzo ni nani?" akauliza Pengo.

"Ni yesterday. Anasema ni jana."

"Kama ni jana, safari imekwisha. Nipe went."

"Na gone je? Hiyo pia imekwisha."

Hapo nampongeza huyo binti! Mtoto anayeuliza "na hii je" tayari amejifunza nusu. Pengo akamjibu: "Hapa gone hawezi kukaa peke yake. Humtaka has au had amshike mkono. Unamwona yeyote kati yao?"

"Simwoni."

"Basi waulize jirani zangu, kila mara waulize jirani zangu."

Nyinyi mmepanda mahindi, mnajua. Mwezi wa nne yakichipuka, unakuta mstari una pengo, ndege amefukua mbegu. Utajuaje pale palipandwa nini? Unatazama mstari. Mahindi huku, mahindi kule, basi pale ni mahindi. Maharagwe yana mstari wake. Wala hutazami shina moja tu ukakimbilia mbegu. Unatembea mstari mzima kwanza, ndipo unarudi kujaza. Na kifungu ni hivyo hivyo: kisome chote, mpaka mwisho, ukiwa umeweka kalamu chini.

Lakini kuna Pengo mjanja. "She is afraid ____ dogs." Sisi tunasema anaogopa mbwa, hatuweki kitu katikati. Kwa hiyo mtoto haoni kinachokosekana. Jirani wa kumuuliza hapo ni afraid, naye huandamana na of. Na mjanja mwingine ni he na she. Kwetu nyanya ni yeye na babu ni yeye. Nimesoma insha nyingi ambamo nyanya anaanza kama she, na kabla hajafika sokoni amekuwa he.

Wanaofanana na of na afraid utawajuaje wote? Si kwa kukariri orodha. Kila jioni soma ukurasa mmoja wa kitabu cha hadithi, kwa sauti, mtu akikusikiliza. Hata nyanya asiyejua Kiingereza atajua ukisitasita. Nanyi wazazi mnaosikiliza kando, hiyo haina ada. Masomo ya ziada ya likizo yamekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na sioni kwamba tumepoteza kitu.

Msichana akanigeukia: "Mjomba, na nikianguka?"

Nikamjibu: Sheria hiyo hiyo inasema shule ya umma haikupi mtihani ili ikunyime nafasi. Ikikupima, ni kujua tu darasa linalokufaa. Na siku hizi ukimaliza gredi ya sita kwenye shule ya umma, gredi ya saba kwa kawaida iko kiwanja hicho hicho. Ukianguka intavyu ya Kitale, utaendelea kusoma Kwanza.

Ikabaki insha. Msichana alikuwa amekariri mwanzo wa kupendeza, jua likichomoza na ndege wakiimba. Nikamwambia aufute. Msahihishaji amewasikia ndege hao asubuhi nzima. Nikamuuliza, ni nini kilikuchekesha wiki hii?

"Ng'ombe wa jirani aliingia kanisani kwaya ikiimba."

Andika huyo! Alikuwa wa rangi gani? Nani alikimbia kwanza? Kwaya ilinyamaza au iliendelea?

Akainama, akaanza kuandika. Baada ya mistari miwili akainua kichwa: "Mjomba, huyu ng'ombe ni he au ni she?"

"Ana maziwa?"

"Anayo."

"Basi unajua."