Ukuta wa Jirani na Kosa la Ghasia

Likitajwa neno ghasia, wengi wetu pwani hukumbuka Mombasa ya Agosti 2012, mhubiri Sheikh Aboud Rogo alipouawa na makanisa yakashambuliwa. Kwa hivyo mkazi wa Bongwe, huku Kwale, huona ni kosa la mjini, la siasa na maandamano. Nahofia dhana hiyo itawafunga watu.

Tuchukulie ukuta wa mawe umeinuka kwenye njia ya kisimani iliyopitwa tangu enzi za mababu. Asubuhi vijana wanakusanyika na nyundo na mitaimbo. Kifungu cha 78 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinahitaji watu watatu tu. Wakiwa na lengo moja, na mwenendo wao ukawapa majirani sababu ya kuhofia amani itavunjwa, huo ni mkusanyiko haramu: hadi mwaka 1 jela. Wakianza kulitekeleza lengo hilo kwa kuvunja amani na kuutia umma hofu, tayari ni ghasia. Lengo laweza kuwa la umma au la kibinafsi, na haijalishi kwamba kikao kilianza kwa salama chini ya mwembe.

Kushiriki ghasia pekee ni hadi miaka 2, faini, au vyote viwili. Lakini nyundo ikishagonga, kifungu cha 85 kinaingia: walio katika ghasia wakibomoa jengo kinyume cha sheria, au hata wakianza tu kulibomoa, kila mmoja wao anaweza kufungwa maisha. Ndivyo aliyezibiwa njia anavyogeuka mshtakiwa, na aliyeiziba akawa mlalamishi. Inaniuma kila nikiifikiria.

Afisa wa polisi kuanzia cheo cha inspekta, akiona watu 12 au zaidi wakifanya ghasia, anaweza kuwaamuru kwa jina la Jamhuri watawanyike. Wakikaidi, ni hadi miaka 5.

Hata hivyo, kuonekana mahali pale hakutoshi kumtia mtu hatiani; upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba alishiriki. Nacho kifungu cha 37 cha Katiba kinakulinda ukiandamana kwa amani bila silaha. Mpelekee mkuu wa kituo cha polisi (OCS) notisi angalau siku 3 kabla. Kuhusu ukuta wenyewe, upige picha, watafute wazee wanaoijua njia ile, mwende Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyopo Kwale. Hakimu au jaji akiamuru ubomolewe, anayeubomoa kwa amri hiyo hana kosa.