Raba ni raba tu? Kijana wa Singida, angalia soli kwanza

SEPTEMBA 15, 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu alimpita Mjerumani Amanal Petros hatua ya mwisho kabisa ya marathoni ya Mashindano ya Dunia. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, ikabidi picha ya mstari wa mwisho itoe jibu. Tofauti ilikuwa sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo, na Singida, mkoa aliozaliwa Simbu, ukapata hadithi ya kusimuliana.

Kwa kijana anayekimbia pembezoni mwa barabara ya vumbi alfajiri, ushindi ule ni mwaliko. Lakini kabla hajafika hata kwenye mashindano ya mkoa, kuna mtihani mmoja unaomsubiri kwenye turubai la mitumba: achague raba ipi?

Muuzaji jibu lake analo tayari. "Chukua hii mdogo wangu, gredi ya kwanza, haijavaliwa hata wiki." Inang'aa, ina jina kubwa ubavuni, bei inazungumzika. Mzazi aliyeuza kuku au alizeti kupata fedha hiyo anaridhika. Wiki tatu baadaye kijana anachechemea, ugoko unauma, na watu wanasema hana pumzi ya riadha. Pumzi anayo. Aliuziwa kiatu cha tenisi.

Kila mchezo na kiatu chake

Huku kwetu raba ni jina la jumla. Humo kuna ya tenisi, ya kikapu, ya mazoezi ya ukumbini, ya kutembelea mjini na ya kukimbilia. Kwenye turubai zote zinalala pamoja, ila kazi zake ni mbali mbali.

Mcheza tenisi anakimbia hatua chache, anafunga breki, anageuka kushoto na kulia. Ndiyo maana kiatu chake ni kizito kidogo, kina kuta ngumu pembeni za kuzuia mguu usipinduke, ncha ya mbele imeimarishwa, na soli yake ni bapa yenye michoro ya kukunjakunja kama mgongo wa samaki. Mkimbiaji wa mbio ndefu anaelekea upande mmoja tu, mbele, na anapiga maelfu ya hatua zinazofanana. Anahitaji kiatu chepesi, chenye sponji nzuri chini ya kisigino na kinachokunjika kwa urahisi mahali vidole vinapoanzia.

Hii haina maana kwamba raba ya tenisi ni mbaya. Binti anayecheza netiboli katika timu ya shule, anayejiandaa na UMISSETA, anageuka na kusimama ghafla kama mcheza tenisi. Kile kiatu kilichomuumiza kaka yake kinaweza kumfaa yeye kabisa, na michoro ya soli yake inashika vizuri kwenye uwanja wa udongo. Kabla ya kuuliza bei, basi, uliza mchezo.

Vipimo vitano pale pale sokoni

Mtumba hauna kijitabu cha maelekezo, lakini kiatu chenyewe kinasema. Cha kwanza, kiweke juu ya meza au ubao ulionyooka, kitazame kwa nyuma usawa wa jicho. Kikiegemea upande mmoja, aliyekivaa kabla amekwisha kukipinda. Ukikivaa, utatembea kwa mwendo wake.

Pili, bonyeza sponji kwa kidole gumba. Inatakiwa ibonyee kisha irudi. Ikiwa ngumu kama kuni, au ina mikunjo mingi pembeni kama uso wa mzee, imekufa, hata kama juu kiatu kinaonekana kipya. Sponji huchoka hata kwa kukaa tu stoo miaka mingi.

Tatu, shika ncha na kisigino ukikunje. Kikunjike karibu na vidole, pale mguu wenyewe unapojikunja. Kikivunjika katikati kama kitabu, rudisha.

Nne, geuza soli. Ikiwa michoro imelika hadi sponji inaonekana, achana nayo. Singida ni nchi ya changarawe, mawe na miiba ya migunga. Soli nyembamba itatobolewa kabla ya jua kuwaka. Angalia pia gundi ilivyoshika kati ya soli na sponji, hasa mbele.

Tano, vaa zote mbili, na soksi utakazokimbilia, kisha simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Mguu huvimba ukikimbia, hivyo ni bora kujaribu jioni kuliko asubuhi. Usiamini namba peke yake, maana 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine. Mara nyingi kwenye ulimi wa kiatu kuna kipimo cha sentimita. Hicho ndicho cha kulinganisha na urefu wa unyayo wako. Kisha kimbia hatua ishirini pale pale. Muuzaji akikukataza, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Usiifuate ya Tokyo

Vijana wengi wanataka kile kiatu cha soli nene wanachokiona kwenye televisheni. Ndani yake mna sponji maalumu na bamba gumu, mara nyingi la kaboni, linalosaidia kurudisha nguvu ya hatua. Shirikisho la Riadha la Dunia limekiwekea mipaka: kwa mbio za barabarani soli isizidi milimita 40 na bamba liwe moja tu. Ni kiatu cha siku ya mashindano, kinachakaa upesi, na hakikutengenezwa kwa makorongo ya kila asubuhi. Fedha yake inaweza kununua jozi kadhaa za mazoezi.

Na jozi kadhaa ndizo zinazohitajika. Kwa kawaida kiatu cha kukimbilia kinahesabiwa kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 20 kwa siku, siku sita za wiki, anafikisha 120. Kiatu kipya kabisa kitamfikisha wiki nne hadi saba tu. Cha mtumba, ambacho tayari kimeshatumika, ni pungufu ya hapo. Mwenye jozi mbili azibadilishe siku kwa siku, na akimaliza asizianike juani kutwa nzima, kwani jua kali hukausha gundi na kukomaza sponji.

Wapo wanaokumbusha kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ni kweli. Lakini miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu. Kijana aliyekua anachunga pekupeku ana unyayo wenye nguvu, na hiyo ni mali. Akipata raba, aanze nayo taratibu, kilomita chache chache, mpaka misuli na kano za kisigino zizoee.

Shule na klabu zinaweza kupunguza mzigo huu kwa njia rahisi: mwalimu wa michezo aongozane na wanafunzi wake sokoni siku ya kununua, na raba za waliomaliza, zikiwa bado hai, zirithiwe na wadogo zao. Mzazi naye, kabla ya kutoa fedha, abonyeze ile sponji kwa kidole chake mwenyewe. Ni kazi ya dakika moja, na inaweza kumwepusha mwanawe na msimu mzima wa kuchechemea.