Mtoto Mwenye Kifafa na Kipimo cha Dawa Yake

Kifafa si laana, wala mate ya mgonjwa hayaambukizi mtu. Ni ugonjwa wa ubongo, nao una dawa. Mwaka 1912 mganga Mjerumani, Alfred Hauptmann, alionyesha kwamba fenobarbitali huzuia kifafa, na hata leo dawa hiyo yatumika sana, kwani bei yake ni nafuu.

Lakini dawa yapasa kukaa katika damu kwa kiasi. Ikipungua, mtoto huanguka. Ikizidi, husinzia darasani na kupepesuka kama mlevi. Kwa kawaida waganga hutafuta miligramu 15 hadi 40 katika lita moja ya damu.

Kwa nini kipimo cha mwaka jana chaweza kushindwa mwaka huu? Kwa sababu mtoto amekua. Aliyekuwa na kilo 15 akifikia 20, huenda tembe zile zile zisimtoshe. Tena dawa nyingine zaweza kuibadili: valproati, kwa mfano, hupandisha fenobarbitali damuni. Basi mwambieni mganga kila dawa mtoto anayoimeza, hata ya mitishamba.

Penye maabara, damu hutolewa asubuhi kabla ya kumeza dawa. Kipimo kikiwa kimebadilishwa, hungojwa majuma mawili au matatu, hata dawa itulie mwilini.

Yuko mzazi ambaye dawa humwishia, au huisahau, naye huona haya kusema. Mganga, asipojua, huongeza tembe. Mwezi ufuatao mzazi hutoa zote kwa uaminifu, na mtoto hulemewa na usingizi wa hatari. Aibu ndogo huzaa madhara makubwa.

Wala msikatishe dawa ghafula mtoto anapopata nafuu. Kifafa chaweza kurudi kwa nguvu, mfululizo bila kukoma, na kuua.

Pasipo maabara, mzani na daftari husaidia sana. Mtoto apimwe uzito kila aendapo zahanati. Andikeni siku alizoanguka, saa za dawa, na siku dawa ilipokosekana.

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, baba mmoja alimleta mwanawe mgonjwa mbele ya umati, akaeleza yote tangu utoto wake. Nasi tumwige: tusali kwa imani, na tumwambie mganga ukweli wote.