MHUDUMU WA AFYA NAYE HUCHOKA
Na mhamasishaji wa afya ya jamii, kambi ya Nyarugusu

Ndugu msomaji, je, umewahi kujibiwa kwa ukali zahanati na mhudumu uliyemjua kuwa mpole? Pengine ulisema, "Amepata kazi, sasa anaringa." Lakini huenda mtu huyo amechoka kupita kiasi.

Uchovu huu ni nini?
Si ule wa siku moja unaoisha ukilala. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa hali hii hutokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Halikuuita ugonjwa. Dalili zake ni 3:
1. Kuishiwa nguvu kabisa.
2. Kuichukia kazi au kutojali tena.
3. Kuona kwamba kazi yako haifai kitu.

Kwa nini unatupata?
Wahamasishaji wengi ni wakimbizi kama wewe. Tunapanga foleni ileile ya mgao. Mchana tunapita nyumba kwa nyumba, usiku tunapigiwa hodi. Mtoto tuliyempeleka kliniki akifariki, tunakwenda pia kumzika. Shirika likiwa dogo, mmoja akiugua mwenzake hubeba kazi ya watu wawili.

Madhara yake ni yapi?
Mama aliyefokewa leo, kesho mtoto akipata homa ataogopa kurudi. Malaria isipotibiwa ndani ya saa 24 inaweza kuwa kali na kuua. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sote.

Tufanye nini?

Kazini:
- Siku ya mapumziko iheshimiwe, na zamu zigawanywe kwa haki.
- Msimamizi aulize "mnaendeleaje?" kabla ya kudai ripoti.
- Kosa lisemwe faraghani, si mbele ya wagonjwa.
- Mwenzetu akipatwa na jambo zito, tufuate mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011: tazama, sikiliza, unganisha na msaada. Asilazimishwe kusimulia.

Wewe mkazi:
- Kadi iliyopotea au swali la tarehe ya kliniki lisubiri asubuhi. Lakini homa ya mtoto, degedege, mama kutokwa na damu au mtu kushindwa kupumua havisubiri. Nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku.
- Ukitukanwa, usinyamaze wala usiache matibabu. Mweleze msimamizi au kiongozi wako wa kijiji. Uchovu si ruhusa ya kumdharau mgonjwa.

Wewe mhudumu:
- Pombe haiondoi uchovu, huuongeza.
- Ukikosa usingizi au furaha kwa wiki 2, nenda ukamwone mhudumu wa afya ya akili. Ukiwaza kujiua, usingoje hata siku moja, mwambie mtu leo.

Ndugu msomaji, ukikutana na mhudumu njiani, mwambie "pole na kazi". Naye akikuuliza hali ya watoto, mjibu bila kumficha kitu. Hapo ndipo kazi yetu inapoanzia.