Mama Anayekatika Pumzi Usiku

Daktari anayeshuku kwamba mgonjwa anakatika pumzi usingizini huanza na maswali manane. Unakoroma kwa nguvu? Unashinda umechoka? Kuna aliyekuona ukiacha kupumua? Una presha? Kisha huuliza uzito, umri na unene wa shingo, na mwisho kama mgonjwa ni mwanamume. Kila "ndiyo" ina alama moja. Dodoso hilo, lililotungwa Toronto, Kanada, na Dk. Frances Chung na wenzake mwaka 2008, hutumika duniani kote, na kila mwanamke huanza akiwa ameshapungukiwa alama moja.

Alama hiyo ina sababu yake. Mwaka 1993 watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliwapima watu wa makamo wakiwa wamelala wakakuta asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake wakikatika pumzi mara tano au zaidi kwa saa. Lakini Tanzania si Wisconsin. Unene ni chanzo kikubwa cha tatizo hili, na hapa kwetu unene uko zaidi kwa wanawake. Mwaka 2004 na 2005 asilimia 18 ya Watanzania wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamezidi uzito. Kufikia 2015 na 2016 walikuwa asilimia 28.

Huu si ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o, ambao wazee wa Biharamulo wanaujua vizuri. Hapa kinacholegea ni nyama laini za koo. Njia ya hewa hujiziba, oksijeni hushuka kwenye damu, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu nusunusu ili avute pumzi. Wengine hushtuka hivyo makumi ya mara kila saa, na asubuhi hawakumbuki hata mara moja.

Mwili unaokosa oksijeni na kuipata tena usiku kucha hujihami kana kwamba umejeruhiwa. Madaktari huita hali hiyo inflamesheni. Kwenye kidonda ni msaada, lakini ikifuka mwaka mzima kama kuni mbichi, huharibu kuta za mishipa ya damu na kuukaribisha ugonjwa wa moyo na kiharusi. Kipimo chake cha kawaida ni CRP, protini inayotengenezwa na ini.

Tiba kuu ilitoka Sydney, Australia, mwaka 1981, kwa Dk. Colin Sullivan: mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa na kuliweka koo wazi. Pumzi hutulia usiku uleule. Inflamesheni haitulii kwa urahisi huo. Mwaka 2014 Dk. Julio Chirinos na wenzake wa Pennsylvania walichapisha utafiti wa wagonjwa wanene 181 waliogawanywa katika makundi matatu: mashine peke yake, kupunguza uzito peke yake, au vyote viwili. Baada ya wiki 24, CRP ilishuka kwa waliopunguza uzito. Kwa waliotegemea mashine tu, haikushuka.

Hapo ndipo jinsia inapoingia. Kwa kawaida CRP ya wanawake huwa juu kuliko ya wanaume, na mafuta ya mwilini huipandisha zaidi kwao; homoni nazo zina mchango. Hedhi ikikoma, kinga dhidi ya kukatika pumzi hupungua, na mafuta huhamia tumboni. Kwa hiyo mume na mke wanaweza kutumia mashine za aina moja, wote wakapumua vizuri, lakini damu zao zikatoa majibu tofauti. Kuchanganya majibu hayo na kutangaza wastani mmoja ni kumficha mama.

Na amefichwa muda mrefu. Utafiti mashuhuri wa Hispania wa mwaka 2005, ulioonyesha kwamba kukatika pumzi sana bila tiba huongeza vifo vya moyo, ulikuwa wa wanaume pekee. Wanawake walisubiri hadi 2012, Dk. Francisco Campos-Rodriguez alipochapisha matokeo ya wanawake 1,116 wa nchi hiyohiyo: nao walikuwa hatarini vilevile.

Kwa mkazi wa Bukiriro, wilayani Ngara, mashine bado iko mbali. Kutoka zahanati rufaa huenda hospitali ya Nyamiaga au Murgwanza, pengine hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, safari iliyorahisishwa na Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Hata ikipatikana, inahitaji umeme usiku kucha. Kupunguza uzito, kuacha pombe ya ndizi kabla ya kulala na kulala ubavu vinawezekana nyumbani, na uzito ndio uliogusa CRP.

Kazi ngumu zaidi ni kumtambua mgonjwa. Mwanamke mara nyingi halalamikii kukoroma. Husema hapati usingizi, kichwa kinamuuma asubuhi, amechoka, hana furaha. Ni rahisi kuambiwa ni mawazo au kazi za shamba. Mama mwenye dalili hizo, hasa kama presha yake haishuki kwa dawa, aulizwe anavyolala. Na mumewe aende naye kliniki, kwa kuwa yeye ndiye anayesikia pumzi ikikatika.